Kizibao cha Mchanga na Sentensi Iliyokatwa

Hapo zamani, na usinikunjie uso, si zamani ile ya fisi kuoa. Ni zamani ya juzi tu, hata hiyo simu yako iliyopasuka kioo ilikuwepo. Hapo zamani hiyo, mjini Morogoro, palikuwa na jarida linaitwa Hapa Hapa.

Hulijui? Na vyeti vyote hivyo ukutani kwenu? Haya, tulia ufundishwe.

Hapa Hapa lilikuwa jarida la watu wenye shida ya umakini, wao na familia zao. Mtoto anaanza kunywa uji, anamwona kuku, anamfuata kuku mpaka mtaa wa pili, uji unapoa: mama yake alisoma Hapa Hapa. Mtu mzima anaweka siagi kwenye droo ya soksi na soksi kwenye friji: naye alisoma. Wala halikuwa jarida la kuhubiri. Lilikuwa jarida la kupima vitu. Saa gani ya kengele inaamsha kweli? Begi gani la shule halisahauliki? Kiti gani mtoto hakipindui? Walichukua kitu, wakakitumia mwezi mzima, wakaandika: kinafaa, hakifai, angalia hapa. Watu wa Mji Mpya hawakununua hata daftari kabla ya kuuliza, "Hapa Hapa wamesemaje?"

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani. Chini yake alikaa fundi pancha na matairi yake. Kumbuka huyo fundi. Mwanzoni utamwona hana maana, na hapo ndipo utakapokosea.

Sasa, jarida lile lilikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kabla ukurasa haujaenda kuchapwa, ulisomwa kwa sauti mbele ya benchi. Benchi la mbao, halina egemeo, limewekwa dirishani makusudi ili vishawishi viwepo. Hapo walikaa wasikilizaji watatu, watu wazima wenye shida hiyo hiyo ya umakini. Msikilizaji hakuruhusiwa kusema neno. Kazi yake ilikuwa moja tu: akichoka, asimame. Na sentensi aliyosimama nayo ilikatwa kwa kalamu nyekundu, yote, haina rufaa. Kama aliye benchini ameondoka, basi msomaji wa nyumbani keshaondoka zamani, na wino ni wa kupoteza. Kanuni hiyo waliichapa kila toleo ndani ya jalada kwa herufi nene: ALIPOSIMAMA MTU, TUMEKATA.

Umeielewa kanuni? Ishike vizuri, isikudondoke.

Katika wale wasikilizaji alikuwemo mwanamke mmoja, Mwajabu Kobero, fundi cherehani. Huyo ndiye mtu wetu. Mwajabu alishafukuzwa kwenye maduka mawili ya ushonaji. La kwanza, alimshonea mwanafunzi shati lenye mikono miwili ya kushoto. La pili, alitumwa uzi asubuhi, akarudi kesho yake jioni na mche wa parachichi. Tangu hapo alishona mabegi ya shule nyumbani kwake, peke yake, bila bosi wa kumpigia kelele. Ila pale benchini Mwajabu alikuwa malkia. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na hapo ndipo mahali pekee alipopata kupaona ambapo yeye akinyanyuka kitini, watu wazima wenye miwani wanaandika. "Mwajabu amesimama!" Na mstari wa msomi unakwenda na maji. Tamu hiyo.

Lakini alikuwa na jicho la kushuku, yule dada! Funguo zikipotea kwenye chumba cha watu kumi, macho yote yalimwendea yeye. Tangu utotoni. Sasa, kwa kuwa hakuweza kuiamini kumbukumbu yake, aliamua kutoiamini ya mtu mwingine yeyote. Ukimwamkia, anajiuliza unataka nini. Ukimrudishia sahani yake, anaihesabu maua.

Basi siku moja likaja jambo la kizibao.

Kizibao chenyewe kilikuwa cha buluu, kitambaa kizito, kimeshonwa vimifuko kumi na viwili, kila kimfuko kimejaa mchanga. Mtoto anayerukaruka akikivaa, anajisikia kama amekumbatiwa. Anatulia. Wako watoto wa hivyo, wakibanwa kidogo roho inashuka. Muuzaji alikuwa Kasimu Tingo, mwenye bajaji ya njano iliyofungwa spika kubwa kuliko bajaji yenyewe. Vizibao alivileta kutoka ng'ambo, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na karatasi ya maelezo yenye maandishi ambayo Morogoro nzima hakuna aliyeyajua. Tingo hakutafuta wa kumsomea.

Wa kukipima alikuwa Filbert Mkude, mwandishi wa jarida, kijana wa chuo kikuu. Msomi kama wewe. Alivigawa vizibao kwa familia nne, akazitembelea kila wiki kwa mwezi mzima, akaandika kila kitu kwenye daftari lake la mistari. Watoto wanne, wote wanne walitulia. Na siku ya mwisho Tingo mwenyewe alimwita pembeni.

"Kaka, liandike na hili. Majini kisivaliwe. Kimoja kilinyeshewa, nikakiinua nikadhani mna mtu ndani."

Filbert akaliandika. Lakini msomi ni msomi. Badala ya kuandika "usimvishe majini" akaenda kulala, aliandika hivi, tena mwishoni kabisa mwa makala:

"Aidha, kwa kuzingatia ukweli kwamba mchanga una tabia ya kufyonza unyevunyevu na hivyo kuongezeka uzito kwa kiwango kisichoweza kukadiriwa, inashauriwa ya kuwa mtumiaji mwenye umri mdogo asiruhusiwe kuwa na vazi hili awapo kwenye maji."

Umechoka? Nami nimechoka. Ngoja ya Mwajabu.

Ikafika Alhamisi. Wasikilizaji wenzake wawili walisahau kuja. Usicheke, ndiyo benchi lenyewe. Mwajabu akakaa peke yake. Mama Leokadia, mhariri, aliyekuwa muuguzi miaka ishirini kabla hajaanzisha jarida, akashika karatasi mkono wa kushoto na kalamu nyekundu mkono wa kulia, akasoma. Akasoma ya watoto wanne, Mwajabu ametulia. Akasoma ya kitambaa na mshono, Mwajabu ametulia kabisa, mambo ya mshono ni yake. Ndipo huko nje, chini ya dirisha, spika ikafunguka:

"Kizibaooo! Kizibao cha kutulia! Mama, mtoto anaruka kama panzi? Mvishe! Baba, kakuvunjia redio? Mvishe!"

Kwa kawaida spika hupita. Hii haikupita. Ilisimama hapo hapo, inarudia. Mvishe! Mvishe! Mwajabu akashika benchi kwa mikono miwili.

"Aidha," akasoma Mama Leokadia, "kwa kuzingatia ukweli kwamba mchanga..."

Mwajabu akasimama. Kichwa kikawa nje ya dirisha. Akamwona Tingo ameinama kwenye gurudumu la bajaji yake. Nyuma yake sauti ya Mama Leokadia iliendelea mpaka mwisho wa sentensi, maana kanuni ilitaka isomwe yote kabla ya kukatwa, na neno la mwisho Mwajabu alilisikia vizuri: maji. Akageuka. Akaona kalamu nyekundu inashuka. Akamwona Filbert amefungua mdomo. Akamwona Filbert anafunga mdomo.

Sentensi ikakatwa. Wote wakaenda kunywa chai.

Jarida likatoka. KINAFAA, kwa herufi kubwa, na chini yake mishale mitatu, kila mmoja na sifa yake. Kwenye jalada la nyuma, ukurasa mzima, tangazo: Kasimu Tingo na bajaji yake, anacheka meno yote.

Sasa mjue na Saumu. Saumu aliuza mitumba soko la Sabasaba, na alikuwa na mtoto mmoja, Shaibu, miaka tisa, mwili wote miguu. Shaibu hakuwahi kumaliza ukurasa wa daftari tangu azaliwe. Saumu akasoma Hapa Hapa, akamfuata Tingo, akauliza, "Hiki kina masharti?" Tingo akamjibu, "Mama, soma Hapa Hapa, yote yamo." Akasoma tena, mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanunua.

Wiki ile ile Shaibu alimaliza ukurasa. Mzima. Mwalimu akaweka tiki. Saumu akauchana ule ukurasa daftarini, akauweka chini ya kioo cha meza ya sebuleni, kila mgeni akalazimishwa kuusoma. Na Shaibu akakipenda kizibao chake, hakukivua. Alilala nacho, alicheza nacho, na Jumamosi moja mchana alikwenda mtoni na wenzake, akaruka majini nacho.

Wanawake waliokuwa wakifua waliona kitu cha buluu kinazama, kisha hawakukiona tena. Wawili wakajitosa. Mmoja alisema baadaye alidhani anavuta gunia la mahindi, mpaka gunia likakohoa.

Shaibu hakufa. Pumua, wewe mwenye roho nyepesi. Lakini alilala hospitali siku nane, akarudi nyumbani na kifua kinachokoroma, na hofu. Beseni la kuogea likiwekwa uani, yeye hulitazama kwa mbali kama anayemtazama mbwa mkali.

Jumatatu, siku mbili tu tangu mtoni, mtoto angali hospitali, Saumu akapanda ngazi za Hapa Hapa. Hakubisha hodi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake kizibao, hakijakauka bado. Akakitua juu ya benchi. Benchi likalia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Leokadia, maana adabu ni adabu hata siku ya ugomvi.

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia. Tunakuombea sana..."

"Sikuja kuombewa. Nimekuja kuchukua jina."

"Jina gani?"

"La aliyemtia mwanangu majini. Ndani ya nyumba hii kuna mtu alijua. Mchanga mnaupima mwezi mzima, mkose kujua ukilowa unakuwaje? Toleo lijalo, kwenye jalada, nataka jina moja na picha moja. Na huyo mtu asiguse tena jarida hili maisha yake yote."

"Saumu, mwanangu, ni kosa la wote. Tutaandika kwamba sisi sote tunaomba..."

"Sote ndiyo nini?" Saumu akacheka, kicheko kibaya. "Sote hana uso. Sote nikikutana naye sokoni nitamjuaje? Moja! Alhamisi nitakuja na viongozi wa umoja wa wazazi. Wao ndio wanaoligawa jarida lenu nyumba kwa nyumba. Mkinipa 'sote', hawaligawi tena. Mkibaki nalo, funikieni sufuria."

Akashuka. Kizibao akakiacha, kinadondosha maji tone, tone, kwenye sakafu.

Mwajabu akahesabu macho. Ya Mama Leokadia yalikwenda kwenye benchi. Ya Filbert yalikwenda kwenye benchi. Kwenye benchi alikuwa nani? Yeye.

"Aa-a," akasema Mwajabu. "Msinitazame hivyo. Sijaanza leo kutazamwa hivyo."

"Dada Mwajabu, hakuna aliyesema kitu," akasema Filbert.

"Ndivyo mnavyoanzaga, kwa kutosema."

Akatoka. Benchi lile likimponyoka, anarudi kuwa yule wa mikono miwili ya kushoto. Akaapa: kabla ya Alhamisi atamjua mwenye kosa. Na akili yake, ambayo haikai na kitu dakika mbili, safari hii ilikishika kitu kama kupe.

Kwanza akamfuata Tingo. Akamkuta anafuta spika kwa kitambaa, kama anayemwosha mtoto.

"Tingo, Alhamisi ile ulisimama chini ya dirisha letu. Kwa nini pale? Kwa nini saa ile? Nani alikwambia tunasoma?"

"Loo, polisi wa kike!" akasema Tingo. "Nilipata pancha, dada yangu. Pancha nitazibia wapi, kwa kinyozi? Chini yenu pana fundi."

"Na spika?"

"Inajirudia yenyewe. Mikono ina grisi, ningezimaje, kwa ulimi?"

"Ulitaka tusisikie."

"Mimi?" Kitambaa kikamdondoka. "Nani alimwambia Filbert habari ya maji? Mimi! Muulize. Ningetaka lisisikike, ningesema la nini?"

Mwajabu akamtazama sana. Maneno yalikaa vizuri, na maneno yanayokaa vizuri ndiyo yaliyomtia wasiwasi zaidi. "Na Saumu? Alipokuuliza masharti, mbona hukumwambia wewe kwa mdomo wako?"

Tingo akaokota kitambaa chake. "Nilijua yamo jaridani," akasema taratibu. "Sikulisoma."

Akamfuata Filbert. Akamkuta kibandani, mbele ya chai iliyokwisha kupoa.

"Ulifungua mdomo," akasema Mwajabu.

"Nilifungua."

"Ukaufunga."

"Nikaufunga." Filbert akazungusha kikombe. "Dada Mwajabu, wewe umesimama kwenye sentensi zangu mara ngapi mwaka huu?"

"Sijui. Mimi na hesabu?"

"Mimi najua. Arobaini na moja. Kila nikitetea, mama anasema, 'Andika vizuri basi, Filbert,' nanyi mnacheka. Siku ile nikasema moyoni, haya, kateni. Siku moja mtakata kitu na mtaona." Akakisukuma kikombe mbele. "Sikudhani kitakuwa mtoto."

Mwajabu akaondoka na jawabu mkononi. Amempata! Filbert! Alijua, akanyamaza kwa kinyongo. Lakini hajafika hata kona, shaka likamvuta shati. Na Mama Leokadia je? Si alisoma kwa mdomo wake mwenyewe mpaka neno la mwisho? Si muuguzi yule, wa miaka ishirini? Na jalada la nyuma lile, Tingo anacheka, lilitoka wapi?

Akarudi ofisini.

"Mama, tangazo la Tingo lilikuja lini? Kabla ya kusoma au baada?"

Mama Leokadia akavua miwani. "Baada. Siku mbili baada."

"Nani aliona?"

"Mwajabu, unaniuliza mimi hivyo?"

"Namuuliza kila mtu hivyo, mama. Ulilisikia neno maji?"

"Nililisikia. Kalamu ilikuwa imeshafika." Akaifuta miwani, akairudia kuifuta. "Mwaka wa kwanza, mara nne niliiacha mistari ya watu bila kuikata, kwa kuwaonea haya. Wasomaji wakaacha kusoma. Nikajiapiza: kalamu haimjui mtu wala neno. Siku nikianza kuchagua cha kuokoa, kesho nitaokoa cha rafiki zangu."

Ilikuwa Jumatano adhuhuri, na Mwajabu anao wenye makosa watatu, mkono umejaa. Bado kitu kimoja tu: kuhakikisha uongo wa Tingo. Pancha gani inayokuja saa ile ile ya kusomwa sentensi? Akashuka kwa fundi. Nilikwambia umkumbuke. Umemsahau? Nenda ukakae benchini.

"Fundi, Alhamisi ile bajaji ya Tingo ilikuwa na pancha kweli?"

"Pancha ya heshima," akasema fundi. Akavuta kopo la maziwa chini ya meza. "Mimi vitu vinavyotoboa navihifadhi. Wengine wanakusanya stempu." Akamwaga mezani: misumari, kipande cha waya, jino la uma. Akachagua kimoja. "Hiki hapa. Tairi lilikikanyaga mbele ya ngazi yenu, kimekaa ncha juu."

Ilikuwa shazia, ile sindano nene ndefu ya kushonea magunia. Na kwenye tundu lake uzi mwekundu ulikuwa bado umening'inia.

Mwajabu aliutambua ule uzi kabla ya kuutambua mkono wake ulioushika. Mabegi ya shule aliyashona kwa shazia hiyo. Asubuhi ile alitoka na kazi, akaichomeka kwenye pindo la kanga ili asiisahau, akapanda ngazi mbio maana alikuwa amechelewa. Jioni akaitafuta nyumba nzima. Hakuiona. Akamshuku jirani yake Mama Chande kwamba amemwibia, na mpaka siku hiyo alikuwa hamsalimii.

"Unaijua?" akauliza fundi.

Mwajabu akatazama mtaro wa barabarani. Hatua nne tu. Aliyeiona ni fundi, na fundi hajui ni ya nani. Hakuna mwingine duniani.

"Nipe," akasema. Akaifunga kwenye karatasi.

Alhamisi saa tatu chumba kilijaa. Saumu na viongozi wawili wa umoja wa wazazi. Tingo kaitwa, spika kaiacha nyumbani. Mezani, jalada la toleo jipya: jeupe, limeandikwa juu ALIYEKOSEA NI, na chini yake nafasi. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unangoja jina moja tu.

"Haya," akasema Saumu. "Nasikiliza."

Filbert akasimama. "Mimi niliandika. Onyo la maji nililiandika kwa mkono wangu. Mngelichapa, Shaibu asingezama. Sikulikata mimi. Lakini nililiandika kwa namna ya kumfukuza msomaji, na lilipokatwa niliona, nikanyamaza."

Mama Leokadia akasimama. "Mimi nilikata. Kalamu ni yangu na kanuni ni yangu. Kwa kanuni hiyo wewe Saumu uliweza kulisoma jarida hili, na mwanao akapata ukurasa wake wenye tiki. Sikupiga kelele dirishani mimi. Lakini nilisikia maji, nikakata."

Tingo akasimama. "Mimi nilipiga spika. Lakini habari ya maji niliitoa mimi, wa kwanza, bila kuulizwa. Sikuandika wala sikukata. Ila uliniuliza uso kwa uso, mama, nami nikakutuma ukasome kitu ambacho sikukisoma."

Chumba kizima kikamgeukia Mwajabu. Macho yale yale. Anayajua tangu utotoni, yale ya funguo zikipotea.

Mwajabu akakaa benchini pembeni ya kizibao. Safari hii alikaa. Akafungua karatasi, akaiweka shazia juu ya kitambaa cha buluu, uzi mwekundu unaonekana.

"Mimi nilisimama," akasema. "Kusimama ndiyo kazi niliyopewa, na kusema walinikataza. Pancha ya Tingo ilitokana na hii. Ni yangu, ilinidondoka, sikujua. Kama si hii, bajaji ingepita, ningekaa, sentensi ingekaa, mtoto angebaki mkavu. Na maji nililisikia, dada. Nililisikia. Hakuna aliyejua habari ya sindano hii. Jana ningeweza kuitupa."

Saumu akaichukua shazia, akaipima ncha kwa kidole, akamtazama Mwajabu kwa jicho ambalo hata Mwajabu, bingwa wa kushuku, hakuweza kulisoma.

"Kwa nini hukuitupa?" akauliza. "Unataka nikuonee huruma?"

"Ndivyo na mimi ningekuuliza," akasema Mwajabu.

Saumu akainama mezani. Akaokota kalamu nyekundu ya Mama Leokadia. Akaivua kifuniko. Mkono ukasimama juu ya ile nafasi nyeupe, na huko nje mtu wa mtambo, aliyekuja na gari kulichukua jalada, akapiga honi kuharakisha.

Hapo hapo uache mkono wake hewani, uje huku kwangu. Na wewe pale nyuma, nimekuona, ulinyanyuka kwenda kuchungulia chungu Filbert alipokuwa anajitetea. Rudi ukae, na ujue nimekuandika.

Mmoja aliandika, akanyamaza kwa kinyongo. Mmoja alikata, kwa kanuni njema. Mmoja alionya wa kwanza, akaulizwa, asijibu. Mmoja alidondosha sindano, akasimama kama alivyoagizwa, akasema asichoulizwa. Nafasi ni ya jina moja, na usiniletee "sote". Sote hana uso.

Je, kama wewe ndiye uliyeishika ile kalamu: nani alistahili jina lake liandikwe pale?